Riwaya ya upelelezi juu ya Hamlet: anayeijua tamthilia anamnasa muuaji kabla ya sura ya 5. Nifanyeje?

Wino_Mweusi

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kiufundi kuhusu muswada wa riwaya ya upelelezi unaoegemea Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Una maneno 84,000, sura 36, na matukio ni ya wakati wa sasa.

Kisa kwa ufupi: mwenye kampuni ya kuchapisha vitabu anakutwa amekufa ofisini kwake. Mdogo wake anashika kampuni, na haijapita miezi miwili anamwoa mjane. Mtoto wa marehemu, ambaye kazi yake ni kuhakiki hati na vitabu vya kale, anapokea barua inayoonekana kuandikwa na baba yake siku chache kabla ya kifo, ikimtuhumu baba mdogo. Anaanza kuchunguza. Muuaji ni huyo huyo baba mdogo. Ufanano na Hamlet nimeuacha wazi kwa makusudi, hata mmoja wa wahusika anautaja.

Wasomaji wa majaribio walikuwa 7. Wanne wanaijua Hamlet, na wote wanne walimtaja muuaji kabla ya sura ya 5. Watatu hawaijui. Hao walifika mwisho bila kumjua, ila wote watatu walilalamikia sura ya 9 na ya 10, ambamo mwalimu wa fasihi anasimulia tamthilia nzima kwa maneno kama 2,600.

Nauliza hivi:

1. Nimbadilishe muuaji tu, au kuna njia bora zaidi?
2. Asiyeijua tamthilia apewe habari zake kiasi gani, na kwa njia ipi?
3. Nukuu: nyingine nimezitafsiri mwenyewe, nyingine nimezitoa kwenye tafsiri zilizochapishwa za tamthilia za Shakespeare. Kuna tatizo?
4. Kuna fumbo la tarakimu (ukurasa, mstari, neno) linalofumbuliwa kwa nakala ya Hamlet. Mhariri ameliwekea alama ya kuuliza, hakueleza zaidi.

Mshona_Vidokezo

Ukimbadilisha muuaji peke yake, hujatatua kitu. Anayeijua Hamlet atamwacha baba mdogo amhamie mama, akitoka hapo atamshuku Polonius wako (mshauri wa mfalme), kisha Horatio (rafiki wa Hamlet). Orodha anayo kichwani tayari, na unachomwachia ni kubahatisha kati ya watu sita. Tatizo lako liko kwingine: kila kitu kwenye muswada kina pacha wake kwenye tamthilia, na ndani ya hadithi hakuna mtu anayefaidika na ufanano huo. Umeazima wewe mwandishi, lakini wahusika wako hawana habari.

Geuza jambo hilo. Mfanye mhusika ndiye aliyeazima.

Mfano ulio wazi zaidi ni Il nome della rosa ya Umberto Eco, 1980 (nafichua mwisho wake, ambaye hajaisoma aruke aya hii). Watawa wanakufa mmoja mmoja mwaka 1327, na vifo vinaonekana kufuata tarumbeta za Kitabu cha Ufunuo. Mpelelezi, William wa Baskerville, anaufuata mpangilio huo hadi mwisho. Anamfikia mhusika mkuu wa uovu, mtawa mzee, kisha anagundua kwamba mpangilio wenyewe haukuwapo: baadhi ya vifo vilitokea kwa sababu nyingine kabisa, na yule mzee naye akaanza kuuamini mpangilio baada ya kuusikia. Maandiko makongwe pale hayakuwa kalibu ya hadithi. Yalikuwa imani ya watu waliomo ndani yake, na imani inaweza kukosea. Arturo Pérez-Reverte alifanya jambo la jamaa hilo mwaka 1993 kwa El club Dumas: mpelelezi wa vitabu anaunganisha mambo mawili kwa sababu amesoma riwaya nyingi mno, na msomaji naye anaunganisha pamoja naye.

Sasa turudi kwako. Hamlet yenyewe imekuachia mlango wazi. Ushahidi pekee wa mwanzo dhidi ya Claudius, baba mdogo wa Hamlet, ni maneno ya mzuka wa baba yake. Hamlet mwenyewe, mwishoni mwa sehemu ya 2, anasema mzuka ule huenda ni shetani aliyejivika sura ya baba ili ampoteze, na ndiyo maana anatega ule mchezo wa kuigiza amtazame amiye usoni. Yaani tamthilia yenyewe inauliza: mzuka ni wa kuaminika? Watu wengi wamelisahau swali hilo kwa sababu jibu linafahamika. Kwako mzuka ni barua. Basi fumbo la riwaya yako lisiwe nani alimuua baba. Liwe nani aliandika barua.

Hapo wale wanne wanaomtaja baba mdogo kabla ya sura ya 5 hawakuharibii. Wanafikiri vile vile mghushi alivyotaka mtoto afikiri. Alijua ya kwamba mtu aliyesoma akiona baba amekufa, mdogo mtu ameoa mjane na barua imetoka kaburini, atamaliza mwenyewe sentensi.

Nani anufaike? Fungua ukurasa wa mwisho wa tamthilia. Anayeondoka na ufalme wa Denmark ni Fortinbras, mwanamfalme wa Norway, ambaye hakumgusa mtu yeyote pale ikulu. Familia imemalizana yenyewe, yeye anaingia na kukuta kiti kitupu. Wanaoijua tamthilia kupitia jukwaa au filamu mara nyingi hawamkumbuki, kwa sababu waongozaji wengi humkata. Filamu ya Laurence Olivier ya 1948 ilimwondoa kabisa. Kwenye muswada wako Fortinbras ni yeyote atakayenunua kampuni baada ya familia kufikishana mahakamani. Awepo tangu mapema. Ronald Knox, katika kanuni zake 10 za 1929, aliiweka hii ya kwanza kabisa: mhalifu atajwe mapema katika hadithi. Mweke sura ya 2, kwenye mazishi, na kazi halali ya kumleta pale.

Kabla ya kuandika upya, chora jedwali la safu 4: tukio la tamthilia; tukio lako; nani ndani ya hadithi anaona ufanano; ukweli wa tukio ni upi. Muswada wa urefu wako utatoa safu mlalo kati ya 10 na 15. Kipimo ninachokitumia kazini: theluthi moja ya ufanano iwe ya kweli hadi mwisho, theluthi iwe imepandwa na mtu, theluthi iwe ya bahati tu ambayo mtoto anaikuza kwa sababu ya huzuni. Zikiwa za kweli nyingi mno, umeandika muhtasari wa Shakespeare. Zikiwa zimepandwa zote, mghushi wako anakuwa jini la akili, na msomaji hatamwamini.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mhalifu anayepanga mauaji yafuate kitabu hatua kwa hatua anahitaji sababu, na “alikuwa mwendawazimu wa vitabu” si sababu. Mghushi wako hahitaji kupanga ndoa wala kifo. Alivikuta vimeshatokea, akaona vinafanana na kitu, akaongeza barua moja. Tendo moja, la dakika chache. Hilo linaaminika.

Ukurasa_wa_Mwisho

Napingana kidogo na Mshona_Vidokezo, ingawa njia yake ni nzuri. Kuna njia nyingine ambayo haikulazimishi kughushi barua: mwache baba mdogo awe muuaji na ulitangaze hilo mapema.

Watazamaji wa Athens walipokwenda kuangalia Oedipus ya Sophocles walikuwa wanajua tayari nani alimuua Laius, baba yake Oedipus. Taharuki haikupungua, kwa sababu walikuwa wanamwangalia mtu anayejitafuta mwenyewe bila kujua. Donna Tartt kwenye The Secret History, 1992, anakwambia katika kurasa za kwanza nani kafa na kwamba wenzake ndio waliomuua. Kurasa zote zinazobaki ni za kueleza kwa nini na nini kiliwapata baadaye. Jo Nesbø alipoandika Macbeth mwaka 2018 akamfanya awe polisi, hakujaribu kuficha kwamba Macbeth anaua. Msomaji anabaki na maswali mengine: itathibitishwaje, nani ataanguka kwanza, nani alijua akanyamaza.

Ila njia hii ina masharti.

Muuaji ajulikane kabla ya asilimia 10 ya kitabu. Kwako ni takriban maneno 8,400, yaani mwisho wa sura ya 3 au ya 4. Ukichelewa hadi sura ya 12, msomaji anahisi umeshindwa kuficha. Ukisema mapema, anaelewa kwamba umeamua.

Washukiwa wa kupotosha uwakate wote. Sura inayomfuata mtunza hesabu wakati msomaji anajua hahusiki ni sura iliyokufa. Kwa muswada wa sura 36, tarajia kupoteza 7 au 8.

Badala yake jenga vizuizi vya uthibitisho. Mpelelezi anajua, lakini ushahidi haushiki: shahidi mmoja anamtegemea muuaji kwa mshahara, kielelezo kimechukuliwa bila kibali, mama hataki kusema. Kila kizuizi kikiondolewa kilete kikubwa zaidi.

Usichanganye njia hizi mbili. Muswada unaoficha muuaji nusu na kumwonyesha nusu huwachosha wanaoijua Hamlet na wasioijua kwa pamoja.

Bi_Kamusi

Najibu swali la 2 na la 4, maana ndiyo yanayopuuzwa.

Swali la 2. Maneno 2,600 ya mwalimu wa fasihi yaondoe. Kosa haliko kwenye urefu tu. Yule mwalimu hana anachokitaka, kwa hiyo anatoa hotuba. Habari za kitabu kikongwe zitoke kwa watu wenye maslahi, na kila mmoja asimulie kipande kinachomfaa. Baba mdogo akiulizwa kuhusu Hamlet, atasema ni hadithi ya kijana aliyesababisha vifo vya watu wengi kwa tuhuma. Mama atasema katika tamthilia hakuna anayemuuliza Gertrude, mama wa Hamlet, alijua nini. Mtoto atataja kisasi. Mnunuzi wa kampuni atasema hajaisoma. Vipande vinne, kila kimoja maneno 100 hadi 150, vikiwa vimetawanywa kati ya sura ya 2 na ya 20. Asiyeijua tamthilia anapata anachokihitaji. Anayeijua anapata kitu kizuri zaidi: anaona kila mtu ameruka nini.

P. D. James alikuwa na tatizo hilo hilo alipoandika Death Comes to Pemberley (2011), ambayo inaendeleza Pride and Prejudice kwa mauaji ya mwaka 1803. Yeye aliweka dibaji ya kusimulia yaliyotangulia. Kule inafaa, kwa sababu wahusika ni wale wale wa Jane Austen na msomaji lazima ajue nani ameoa nani. Kwako wahusika ni wapya. Dibaji ingekuwa mzigo.

Kipimo cha haki: chukua nakala ya muswada, futa kila mahali panapotajwa Hamlet au Shakespeare, kisha uulize kama muuaji (au mghushi) anaweza kugunduliwa kwa kilichobaki. Jibu likiwa hapana, umemwonea asiyeijua tamthilia. Kidokezo kinachohitaji ujuzi wa kitabu kikongwe kinaruhusiwa, ila ujuzi wenyewe uwe umewekwa ndani ya riwaya angalau mara mbili kabla ya ufumbuzi: mara ya kwanza kwa kupita tu, mara ya pili kwa uzito zaidi, na kati ya mara hizo ziwepo sura 5 au zaidi.

Upimaji wa kinyume nao ni muhimu, na karibu hakuna anayeufanya: anayeijua tamthilia asiweze kufika kwa kuijua tu. Alex Michaelides, The Silent Patient, 2019, anamtumia Alcestis wa Euripides, mwanamke anayerudishwa kutoka kwa wafu akiwa kimya. Ukiijua tamthilia unaelewa kwa nini ukimya ule una maana. Haikupi jina la mtu wala namna jambo lilivyotokea.

Swali la 4. Alama ya kuuliza ya mhariri ni halali kabisa. Namba za kurasa hubadilika kila toleo, kwa hiyo fumbo la kurasa linafanya kazi endapo tu pande zote mbili zina chapa ile ile ya toleo lile lile. Ukitaka kulitunza, taja hivyo waziwazi, na kupatikana kwa nakala ya pili kuwe tukio.

Namba za mistari nazo hazikuokoi kwa Hamlet. Sehemu kubwa za tamthilia ni nathari, na mstari wa nathari huisha pale upana wa ukurasa unapoisha. Toleo lenye kurasa pana lina mistari michache. Hitilafu huanza kwenye mazungumzo ya kwanza ya nathari na kuendelea hadi mwisho wa onyesho. Juu ya hapo kuna matini tatu za awali: ya 1603, ya 1604 na ya Folio ya 1623 (mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare). Ile ya kwanza ina takriban mistari 2,200, ya pili karibu 3,800. Wahariri wengi wa kisasa huchanganya ya pili na ya tatu, kila mmoja kwa uamuzi wake.

Ukilazimika kubaki na Shakespeare, tumia hesabu ya mfululizo ya Charlton Hinman ya 1968, inayohesabu mistari ya Folio ilivyochapwa. Vinginevyo hamia kitabu chenye namba zisizobadilika: sura na aya za Biblia, namba za Stephanus kwa Plato, zinazotokana na toleo la 1578, za Bekker kwa Aristotle, za 1831, au Dante, ambaye Commedia yake ina tenzi 100 na mistari 14,233, na hesabu hiyo haitegemei upana wa ukurasa. Epuka kutumia tafsiri kwa fumbo la neno la tatu au la tano, kwa sababu mpangilio wa maneno hubadilika na mtafsiri.

Haki_za_Kalamu

Swali la 3, kwa kifupi.

Shakespeare alikufa 1616, maneno yake hayana hakimiliki popote. Tafsiri ni jambo jingine: mtafsiri ana haki yake, na muda unahesabiwa kuanzia kifo chake yeye. Mkataba wa Berne wa hakimiliki unaweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zimeweka 70. Kwa mfano Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere ni ya 1969 na mtafsiri alifariki 1999, kwa hiyo inalindwa angalau hadi mwisho wa 2049. Nukuu fupi ndani ya mazungumzo kwa kawaida zinavumiliwa kisheria, lakini nukuu ya mwanzo wa kila sura mara 36 ni matumizi makubwa. Omba kibali au tafsiri mwenyewe kutoka matini asilia. Tafsiri yako ni mali yako.

Angalia na hili: toleo la kisasa la Hamlet lina dibaji na maelezo ya chini ya ukurasa, na hayo yana hakimiliki ya mhariri wake hata kama tamthilia haina. Kadhalika jambo lililobuniwa na filamu. Ukiazima kitu, hakikisha unakipata kwenye matini yenyewe.

Kwa wanaofikiria kuazima kutoka kwa waandishi wa karibuni: Conan Doyle alifariki 1930, na hadithi za mwisho za Sherlock Holmes zilitoka kwenye ulinzi nchini Marekani tarehe 1 Januari 2023. Agatha Christie alifariki 1976. Pale ambapo muda ni miaka 70, kazi zake bado zinalindwa.

Wino_Mweusi

Nashukuru sana wadau. Nachagua njia ya barua iliyoghushiwa, mnunuzi wa kampuni akiwa ndiye mghushi. Baba alikufa kifo cha kawaida. Fumbo la kurasa nimeliondoa.

Nimebaki na kikwazo kimoja. Mtoto ni mhakiki wa hati. Atashindwaje kuona kwamba barua ni ya kughushi? Nikimfanya mzembe, ataonekana hafai kazi yake. Na je, matini ya 1603 aliyoitaja Bi_Kamusi yaweza kuwa kidokezo?

Bi_Kamusi

Yaweza, na inakufaa kuliko kitu chochote kingine kwenye tamthilia hiyo.

Katika toleo la 1603 Polonius haitwi Polonius, anaitwa Corambis. Pia katika toleo hilo mama anakana waziwazi kujua habari za mauaji na kuahidi kumsaidia mwanawe. Matini nyingine hazina maneno hayo. Nakala zilizobaki duniani ni 2: moja iliibuka 1823, nyingine 1856, moja haina karatasi ya jalada la ndani, nyingine haina karatasi ya mwisho. Hayo yote mhakiki wa hati anayajua bila kufungua kitabu.

Basi barua imtaje mshauri wa zamani wa kampuni kwa jina la utani, Corambis. Mtoto anaposoma, ujuzi wake wenyewe ndio unaompoteza: anasema hakuna mtu wa mitaani anayelijua jina hili, huyu ni baba. Hakuwa mzembe. Alitambua kitu cha kweli, akakitolea hukumu haraka kwa sababu alitaka barua iwe ya baba. Kosa la namna hiyo msomaji analiheshimu.

Ukurasa_wa_Mwisho

Ila jina peke yake halimfungi mtu. Picha za matini ya 1603 zipo kwenye intaneti, yeyote angeweza kulitoa huko, na baba naye angeweza kulijua. Msomaji makini atauliza hilo siku ya kwanza.

Usikimbilie maabara pia. Ni kweli printa nyingi za leza za rangi huchapa nukta ndogo za manjano zinazobeba namba ya mashine, na baadhi huweka hata tarehe. Lakini printa ya nyeusi tupu haina rangi hiyo, na ufumbuzi unaotoka kwenye mashine unamwacha msomaji nje. Hakuwa na namna ya kuufikia mwenyewe.

Mshona_Vidokezo

Tumia kosa la chapa.

Wahakiki wa matini wana kanuni ya zamani: nakala mbili zikiwa sahihi kwa pamoja hazithibitishi kwamba zina uhusiano, lakini zikikosea kosa lile lile la ajabu, moja imetoka kwa nyingine au zote zimetoka mahali pamoja. Kampuni iwe inaandaa toleo jipya la matini ya 1603. Kwenye prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa), mpangaji chapa alikosea herufi moja, b ikawa d, na mahali pamoja pakasomeka Coramdis. Barua nayo imeandika Coramdis. Mtoto anadhani mkono wa baba ulitetereka kwa ugonjwa, jambo ambalo linaaminika. Lakini prufu zile zilichapwa baada ya mazishi. Aliyeandika barua alikuwa na prufu mbele yake, na nje ya kampuni zilikwenda kwa mtu mmoja tu, aliyeomba kukagua mali kabla ya kununua.

Kidokezo hiki kinapita vipimo vyote viwili vya Bi_Kamusi. Kuijua Hamlet hakukusaidii, tena kunakupotosha, kwa sababu unaishia kwenye Corambis na kufurahi. Asiyeijua anachohitaji ni kulinganisha herufi na tarehe.

Mpangilio ningeuweka hivi. Sura ya 3, barua nzima inachapwa kama ilivyo, isifupishwe, jina lenye kosa likiwa katikati ya aya na si mwishoni mwa sentensi. Sura ya 11, mtoto anamweleza mpelelezi matini ya 1603 na kusema jina sahihi, Corambis, kwa fahari ya mtu anayeijua kazi yake. Maneno 150 yanatosha. Sura ya 17, mpelelezi anapekua makaratasi ya kampuni akitafuta kitu kingine, na ukurasa mmoja wa prufu unanukuliwa ukiwa na Coramdis. Tarehe isikae hapo. Iweke sura ya 22, kwenye ankara ya mpangaji chapa, ndani ya orodha ya ankara 5 au 6 ambazo mpelelezi anazisoma kwa ajili ya deni. Orodha ya vitu vilivyopelekwa kwa mnunuzi ije sura ya 26. Sura ya 32 mtu anaweka karatasi mbili kando kwa kando. Usieleze kanuni ya makosa yanayofanana kabla ya hapo, na ikifika sema kwa sentensi mbili.

Kinachoharibu kidokezo cha aina hii ni msahihishaji wa mwisho. Ataona Coramdis, atajua jina sahihi kutoka sura ya 11, atarekebisha kimya kimya, na kitabu kitatoka bila ufumbuzi. Programu ya kukagua tahajia nayo inaweza kukufanyia hivyo hivyo. Andika kwenye karatasi ya maelekezo inayoambatana na muswada: neno hili katika sura ya 3, ya 17 na ya 32 liachwe kama lilivyo, herufi kwa herufi, katika sura ya 11 ni Corambis. Kisha prufu zikirudi, tafuta maneno yote mawili mwenyewe na uhesabu yametokea mara ngapi, kabla hujatia sahihi.